Moto wa kambi tuliufukia usiku, mchana ukazuka kwingine: ulitokea wapi?

#1 Mzururaji

Salaam, wanajamvi. Naomba msaada wa kuelewa jambo lililotupata mwishoni mwa Septemba, kwa sababu sisi wanne tuliokuwapo tumeshindwa kuafikiana na sasa tumechoka kulaumiana.

Tulipiga kambi usiku mmoja katika msitu wa miombo kusini mwa Tabora, ndani ya msitu wa kijiji, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji hicho. Tulichagua mahali palipoinuka kidogo, tukafyeka nyasi na kufagia majani makavu kwa matawi mpaka udongo mwekundu ukaonekana, duara la hatua tatu kila upande. Moto tuliuwasha kwa magome makavu ya mtundu na vijiti vyembamba, kisha tukaongeza magogo mawili ya mti mgumu ambao sikuutambua. Tulipika wali na maharage, tukaota moto, na ilipofika saa nne usiku tuliufukia kwa udongo tuliouchota kwa beleshi mpaka hakuna hata chembe ya wekundu iliyoonekana. Asubuhi hapakuwa na moshi. Mmoja wetu aliweka kiganja juu ya ule udongo, akasema una vuguvugu kama uji wa mtoto. Saa mbili asubuhi tukaondoka.

Baada ya mwendo wa karibu saa mbili tuligundua kwamba tulikuwa tumesahau dumu la maji la lita 10. Nilirudi na mwenzangu mmoja, na tulipofika, saa sita mchana, nyasi zilikuwa zinaungua. Kinachonitatiza ni kwamba moto haukuanzia mekoni. Meko yalikuwa yametulia chini ya udongo wake, vilevile kama tulivyoyaacha. Ulianzia hatua sita kutoka hapo, nje ya duara tulilofagia, karibu na kisiki cha zamani, tena upande wa mashariki, ilhali upepo ulivuma usiku kucha kutoka mashariki. Yaani ulizuka upande ule ambao cheche zisingeweza kupeperushwa. Tuliupiga kwa matawi mabichi na kumalizia kwa maji ya lile dumu, na eneo lililoungua halikuzidi uwanja wa netiboli. Je, moto huo ulitokea wapi?

#2 Fundi Hema

Poleni sana. Nina swali moja tu: hilo dumu mlilolisahau lilikuwa na maji kiasi gani?

#3 Mzururaji

Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Tuliyabania kwa ajili ya safari, na hatukuona sababu ya kuyamwaga chini ilhali udongo upo wa bure.

#4 Fundi Hema

Kumbe dawa mliiacha kando ya mgonjwa, mkaenda zenu.

#5 Bi Mafiga

Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, na jikoni kwake kiberiti kilikuwa kitu cha anasa. Kila usiku alikusanya makaa katikati ya mafiga, akalaza hapo kijinga kimoja kinene, akafunika vyote kwa majivu. Alfajiri alifukua kwa kijiti, akaweka makumbi makavu ya nazi, akapuliza mara tatu, na chai ikabandikwa. Kwa hiyo Mzururaji aliposema kwamba waliufukia moto, yeye alimaanisha kwamba waliuzima, lakini mimi nilielewa kwamba waliuweka akiba. Bibi angewapongeza, kisha angeshangaa kwa nini asubuhi hawakupika chai.

#6 Mchoma Mkaa Mstaafu

Bi Mafiga amegusa penyewe, nami naongeza la kazini kwangu. Nimechoma mkaa kwa miaka mingi kabla sijaacha, na tanuru la mkaa si kitu kingine ila moto uliofukiwa. Unapanga magogo, unayafunika kwa nyasi mbichi, unafunika nyasi kwa udongo, unaacha matundu machache ya hewa, halafu unawasha. Tanuru kubwa hukaa siku nyingi likiwa hai ndani ya udongo, nawe unalisoma kwa moshi: ukiwa mweupe na mzito, kuni bado zinatoa maji, ukigeuka kuwa mwembamba wenye rangi ya bluu, mkaa umeiva. Ukishaziba matundu yote unasubiri tena lipoe, na hata hapo, siku ya kufukua lazima uwe na maji au udongo mbichi mkononi, kwa sababu kipande kinachoonekana cheusi na kilichokufa kikikutana na hewa huamka. Nimewahi kuona gunia lililofungwa jioni likitoa moshi usiku wa manane.

Kuhusu ule moto, jibu langu ni mzizi. Mzururaji ametaja kisiki cha zamani. Kisiki kikifa, mizizi yake nayo hufa na kukauka, na bila shaka mmoja ulipita chini ya meko yenu. Moto uliingia humo usiku, ukatembea kimyakimya, ukatokea kisikini. Moto wa mzizini hauulizi upepo unatoka wapi.

#7 Mwalimu wa Fizikia

Shukrani, Mzee Mchoma Mkaa, maelezo ya tanuru ni darasa tosha. Naomba niweke msingi kidogo, kisha nipinge hitimisho.

Moto unahitaji kitu cha kuungua, hewa na joto. Udongo hupunguza hewa, lakini hauimalizi, kwa sababu kati ya punje na punje kuna nafasi, hasa ukiwa mkavu na umerushwa tu juu bila kushindiliwa. Wakati huohuo udongo mkavu hupitisha joto kwa shida sana, kwa hiyo unalifungia ndani kama blanketi. Maji hufanya kinyume chake: hulichukua lile joto na kuondoka nalo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joule zaidi ya milioni mbili, na kuni iliyolowa haiwezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi mpaka maji yake yaishe, ilhali ili ishike moto inahitaji kufika karibu nyuzi 300. Ndiyo maana ule uvuguvugu wa uji juu ya udongo haukuwa dalili ya kupoa, bali ya kwamba chini palikuwa na joto kubwa lililokuwa likivuja polepole.

Hata hivyo, mzizi una tatizo la hesabu. Moto wa kufukuta, usio na ndimi, husafiri kwa kasi ya sentimita chache tu kwa saa. Kuanzia saa nne usiku hadi saa sita mchana ni saa 14. Hata tukiupa sentimita 6 kwa saa, hiyo ni sentimita 84. Hatua sita ni takribani mita nne. Huo uliobaki ulitembezwa na nani?

#8 Mchoma Mkaa Mstaafu

Mwalimu, hesabu yako ni ya mzizi mzima. Mzizi wa zamani mara nyingi umeliwa katikati na umebaki ganda, na ganda hilo lina hewa kama bomba. Ndani ya bomba moto hauendi kwa sentimita. Vuta kiko siku moja, utaona.

Halafu nani amesema ulianza saa nne? Moto ule uliwashwa jioni. Mzizi huanza kuungua wakati ninyi bado mnakula.

#9 Jirani wa Msitu

Nimesoma maneno haya mara mbili: mahali palipoinuka kidogo, udongo mwekundu. Wakuu, katika miombo mahali pa namna hiyo mara nyingi ni kichuguu cha zamani kilichobomoka na kusambaa. Juu panaonekana pasafi na pagumu kama sakafu, kumbe chini pana vichochoro vya mchwa kila upande, na vichochoro hivyo hupitisha hewa. Ninyi mliwasha moto juu ya nyumba yenye milango mia moja, mkafunga mmoja. Sioni haja ya mzizi, ingawa mzizi mkavu ukiwa umeshaliwa na mchwa haohao, basi mimi na Mzee Mchoma Mkaa tunazungumza jambo moja kwa majina mawili.

Swali langu ni la pembeni lakini ni la lazima. Je, mlikitaarifu kijiji? Misitu ya vijiji ina sheria ndogo zake kuhusu moto, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo haina mzaha na mtu anayeacha moto umtoroke.

#10 Mzururaji

Tulimpigia simu mwenyekiti siku hiyohiyo, naye alikuja na watu wa kamati ya maliasili. Tulilala hapo usiku wa pili tukilinda, kwa gharama zetu, na tulilipa faini waliyotutoza. Sina kinyongo nao kabisa. Kuhusu kichuguu, nakiri kwamba sikufikiria. Paliinuka kama goti, na pembeni kulikuwa na vishimo vidogo.

#11 Kijana wa Jiji

Kufukia ni kosa la siku nyingi. Hata ule moto mkubwa wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulianzia kambi ya Karanga, kwa watu waliofukia kuni zao vibaya.

#12 Mgumu wa Marangu

Kijana wa Jiji, umechanganya mambo mawili na ukaongeza la tatu. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 ulizuka eneo la Whona, kwenye njia ya kati ya kambi za Mandara na Horombo. Ule wa karibu na Karanga ni wa Oktoba 2022. Kuhusu chanzo cha ule wa 2020, taarifa za awali zilisema kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni, na hakuna aliyetaja kuni zilizofukiwa. Mimi ni mpagazi, na maneno hayo tumeyabeba mgongoni kuliko mizigo yenyewe. Kuni mlimani zimepigwa marufuku zamani, tunapikia gesi.

Nililojifunza katika kuzima moto kule juu ni kwamba kuna ardhi inayoungua yenyewe. Kwenye ukanda wa vichaka vya erika, unachokanyaga si udongo, ni mboji na mizizi iliyosokotana. Ukipiga ndimi za moto kwa matawi unaona zimelala, unageuka nyuma baada ya dakika kumi unakuta zimesimama. Ilitubidi tuchimbe mitaro mpaka kwenye udongo halisi ndipo moto ukosane na chakula chake. Kwa hiyo ninyi wa miombo mna bahati ya udongo mwekundu, lakini msiulaumu upepo kabla hamjauliza chini pana nini.

#13 Mto Tana

Hamjambo kutoka Kenya. Huku kwetu nako Machi 2012 Mlima Kenya uliungua vibaya, kwa hiyo Mgumu wa Marangu namwelewa vizuri. Kwanza nisaidieni lugha: ninyi mnasema mkaa, sisi tunasema makaa hata kwa ile ya kununua kwa debe, na katika uzi huu nimeshapotea mara mbili.

La pili ni kuni. Nimepiga kambi sana kwenye misitu ya Aberdare, na nimejifunza kwamba kuni si kuni tu. Mianzi ikiwekwa motoni mizima, hewa na maji vilivyofungiwa ndani ya pingili hupanuka, na pingili hupasuka kama bunduki na kutupa makaa mbali. Mawe ya mtoni vilevile. Nina kovu kwenye goti la kipande cha jiwe tulilolitumia kama figa, likiwa bado limenyonya maji. Kuna miti ambayo huwezi hata kuikaribisha motoni, kwa mfano mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Sasa Mzururaji amekiri kwamba magogo yake mawili hakuyatambua. Mimi nauliza: je, yalikuwa yakirusha cheche? Na kabla ya upepo wa usiku kuanza, jioni ile ulivuma wapi?

#14 Mzururaji

Jioni palikuwa shwari, isipokuwa kulipita kipepo kimoja cha kuzunguka ambacho kilitutupia majivu kwenye wali. Magogo yalirusha cheche kiasi, hasa tulipoyasukuma. Tafadhali msiniambie kwamba ilikuwa cheche ya saa moja jioni iliyongoja mpaka saa sita mchana.

#15 Nyuki Mkali

Ninakuambia hivyohivyo. Mimi ni mrina asali wa maeneo hayo, na kabla hamjaanza, najua kwamba kwenye uzi wa moto wa msituni sisi ndio watuhumiwa wa kudumu. Mwishoni mwa Septemba miombo inachanua, nasi tunawaacha nyuki wafanye kazi. Hatupiti na vienge, ile mienge ya moto ya kurinia.

Je, hapo palikuwa na kinyesi cha ng'ombe? Wafugaji hupitisha mifugo kwenye misitu hiyo wakati wa kiangazi. Kinyesi kikavu kikishika cheche moja hakitoi mwale wala moshi wa kuonekana kwa mbali. Kinakula polepole kuanzia ndani, na ndiyo maana watu hukichoma zizini kufukuza mbu usiku kucha. Asubuhi nyasi huwa na unyevu wa umande. Ikifika saa tano, umande umekauka, jua ni kali, upepo umeamka, na ile duara ya majivu inagusa jani la kwanza. Saa ya moto wenu inakubaliana na kinyesi kuliko mzizi, kwa sababu mzizi haungoji umande ukauke.

#16 Mwalimu wa Fizikia

Hoja ya saa ni nzuri, na nakiri sikuifikiria. Naongeza tu kwamba hewa ikiwa kavu zaidi mchana, hata moto wa mzizini ukitokeza saa kumi usiku kando ya nyasi zenye umande unaweza kukosa pa kushika mpaka jua lipande. Kwa hiyo saa inamsaidia Nyuki Mkali, lakini haimfukuzi Mzee Mchoma Mkaa.

#17 Kijana wa Jiji

Nimekubali marekebisho ya #12, na samahani kwa wapagazi. Lakini mbona hakuna aliyetaja chupa? Kipande cha kioo kikikusanya jua mchana, nyasi zinashika.

#18 Mwalimu wa Fizikia

Kijana wa Jiji, katika nadharia inawezekana, lakini inahitaji kioo chenye umbo mahususi, umbali mahususi na jua lililokaa mahali pake. Tukiwa na moto uliofukiwa hatua sita kutoka hapo, kuisingizia chupa ni kumtafuta mwizi mtaa wa pili wakati mlangoni kuna nyayo.

#19 Kaskazini Baridi

Naandika kutoka Uswidi. Huku mtu ana haki ya kupiga kambi usiku mmoja karibu popote msituni bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa, na mara ya kwanza nilidhani haki hiyo inabeba na moto. Haibebi. Mamlaka zikitangaza marufuku ya moto kwa sababu ya ukavu, kama ilivyokuwa sehemu kubwa ya nchi katika kiangazi cha 2018, hakuna cha meko madogo wala moto wa chai. Nyakati nyingine unaruhusiwa, lakini tunaonywa tusiwashe juu ya ukuvu na mboji, kwa sababu ileile ya Mgumu wa Marangu, wala juu ya mwamba mtupu, kwa sababu mwamba hupasuka kwa joto na kovu lake halifutiki.

Mimi nilishawahi kumwaga maji lita tano juu ya meko, nikasikia yale mafoko ya mvuke, nikaridhika. Mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa jirani na hema langu alikuja, akakoroga lile tope kwa kijiti bila kusema neno, na chini yake pakatokea makaa mekundu, makavu kabisa. Maji yalikuwa yametiririka pembeni. Tangu siku hiyo namwaga, nakoroga, namwaga tena. Siku hizi mara nyingi nabeba jiko dogo la gesi, ingawa nakiri kwamba halina hadithi.

#20 Fundi Hema

Alichosema Kaskazini Baridi kuhusu kukoroga ndicho ambacho wengi tunakiruka. Niruhusuni niseme ninavyofanya mimi, maana kuzima kwa shida mara nyingi huanzia kwenye kuwasha.

Moto wa kupikia hauhitaji kuzidi upana wa sufuria. Nakata kuni fupi, unene wa kidole kwanza, kisha unene wa kifundo cha mkono, na siweki gogo ambalo siwezi kulimaliza kabla ya kulala. Magogo mawili ya Mzururaji ni mazuri kwa picha, lakini gogo lililoungua nusu ndilo jumba la moto: nje jeusi, ndani lina nyufa zenye makaa ambayo hakuna udongo unaoyafikia. Saa moja kabla ya kulala naacha kuchochea. Kilichobaki nakitandaza kwa kijiti ili kisishikane, nasimama upande unaotoka upepo nisije nikaungua kwa mvuke, namwagia polepole kwa mkono kama anayemwagilia mchicha, sio kwa kishindo. Nakoroga mpaka chini, nageuza kila kipande na kukimwagia tumbo na mgongo, narudia. Mwisho naweka mgongo wa mkono karibu, kisha nagusa. Kukiwa na uvuguvugu, bado. Ule uji wa mtoto wa #1 ulitosha kuwarudisha kwenye dumu.

Na maji yakiwa haba kweli, udongo unafaa kwa kuchanganya, si kwa kufunika: unasugua makaa na udongo baridi, kidogo kidogo, unafukua na kurudia mpaka yawe baridi mkononi. Ni kazi ya saa nzima, na kwa kweli aliyewahi kuifanya huanza kubeba maji.

#21 Mto Tana

Fundi, je, ukichimba shimo na kuwasha ndani yake? Sisi tulifundishwa hivyo skauti, ili upepo usiuchukue.

#22 Jirani wa Msitu

Shimo linazuia upepo, ni kweli, lakini katika miombo kila ukichimba shibiri mbili unakutana na mizizi inayosambaa, na utakuwa umeupeleka moto mezani kwake. Mimi napendelea juu ya udongo mtupu uliokwishaungua, mahali ambapo wengine walipika.

#23 Wa Nne

Salaam. Mimi ni mmoja wa wale wanne, na Mzururaji anajua ni yupi. Nimeusoma uzi huu kwa siku mbili nikitafuta namna ya kunyamaza.

Karibu saa tatu usiku, kabla ya kufukia, nilichukua kijinga kimoja kutoka mekoni, kwa sababu tochi yangu ilikuwa imeisha nguvu, nikaenda nacho kujisaidia. Wakati wa kurudi nilikisigina chini kwa kiatu mpaka kikafa. Nilikitupa. Naapa kwamba kilikuwa kimekufa.

#24 Bi Mafiga

Mwanangu, umekwenda upande gani?

#25 Wa Nne

Upande wa magharibi, Bi Mafiga. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kuandika. Moto ulizuka mashariki.

#26 Kijana wa Jiji

Kijinga kimoja, ujinga mmoja. Je, ulirudi kwa njia ileile uliyoendea?

#27 Wa Nne

Usiku ule sikuwa na tochi. Nilifuata sauti za wenzangu. Siwezi kusema kwamba nilirudi kwa mstari.

#28 Mzururaji

Hakuwahi kutuambia. Sasa naelewa kwa nini ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya faini bila kubisha.

Wanajamvi, nimerudi kutoka kule. Nilikwenda na mtu mmoja wa kamati ya maliasili, tukachimba kuanzia mekoni kuelekea kisikini. Chini ya meko tulikuta udongo ulioiva, mwekundu kama tofali. Kutoka hapo kuna mfereji mwembamba wenye majivu meupe, mnene kama mpini wa jembe, ambao bila shaka ulikuwa mzizi. Unakwenda mashariki kama hatua moja na nusu, kisha unaingia kwenye tundu la mchwa na kupotea. Kutoka hapo hadi kisikini tulichimba udongo wa kawaida, usioungua, wenye mizizi hai. Kisiki chenyewe kimeungua kwa ndani. Niliingiza mkono hadi begani na sikugusa mwisho. Na hatua mbili kutoka kisikini, kwenye nyasi zilizoungua, kuna duara moja ya majivu laini, ukubwa wa sahani, ambayo Nyuki Mkali ataipenda. Kijinga cha mwenzetu hatukukiona, si mashariki wala magharibi.

#29 Nyuki Mkali

Naipenda sana. Sahani ya majivu laini katikati ya nyasi haiwi ya mzizi. Naomba warina asali tufutiwe mashtaka.

#30 Jirani wa Msitu

Tundu la mchwa! Nilisema milango mia moja.

#31 Mwalimu wa Fizikia

Hatua moja na nusu ni takribani mita moja, yaani karibu kabisa na sentimita 84 zangu. Hilo linanifurahisha, lakini linaacha hatua nne na nusu bila mwenyewe, na kisiki kilichoungua kwa ndani kinaweza kuwa kilishika kutoka juu, kwa nyasi zilezile zilizokuwa zikiungua, badala ya kuwa chanzo.

#32 Mchoma Mkaa Mstaafu

Mzururaji, kati ya lile tundu na kisiki mlichimba kina gani?

#33 Mzururaji

Kama dhiraa moja, Mzee.

#34 Mchoma Mkaa Mstaafu

Hiyo ni ya kupandia muhogo. Mzizi mkubwa wa kisiki cha aina hiyo hukutani nao kwenye dhiraa moja. Rudini na sururu.